Imani isiyoulizwa ni hatari darasani

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alishikilia kwamba shairi lenye mishororo mitatu katika kila ubeti huitwa tarbia. Nilipomweleza kuwa hiyo ni tathlitha, na kwamba tarbia huwa na mishororo minne, alinijibu kwa adabu: "Lakini mwalimu, mashine ndiyo iliyosema." Usiku aliiuliza programu ya simu, nayo ikamjibu kwa ufasaha, bila kusita.

Sikumlaumu. Binadamu huliamini neno lisemwalo bila kigugumizi. Mwaka wa 2016, Profesa Ashok Goel wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, alimweka msaidizi aitwaye Jill Watson awajibu wanafunzi wapatao 300 waliosoma kupitia intaneti. Muhula ulikaribia kwisha kabla ya wengi wao kujua kuwa Jill hakuwa mtu bali programu ya kompyuta. Hata hivyo, Jill alipangiwa kujibu pale tu alipokuwa na uhakika wa asilimia 97. Maswali mengine aliachiwa binadamu. Nionavyo mimi, hicho ndicho kilichomstahilisha kuaminiwa: alijua mahali pa kunyamaza.

Mashine iliyompotosha mwanafunzi wangu haikunyamaza. Lakini je, sisi walimu hunyamaza? Nakiri kwamba nilipokuwa mgeni katika kazi hii, niliulizwa maana ya msemo nisioujua. Nikaona haya, nikabuni jibu. Wanafunzi 40 waliliandika daftarini. Sikuwahi kulisahihisha, na leo sijui wangapi kati yao wanalifundisha kwa watoto wao.

Kwa hiyo siwaambii wanafunzi waitupe mashine. Tangu shule zetu zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tumejua kuwa elimu yaweza kumfikia mtoto bila mwalimu kuwa mbele yake. Ninalowasihi ni hili: jibu la mashine lipimeni kwa kitabu, na la mwalimu vilevile. Kuuliza si ujinga.

Nanyi walimu wenzangu, tusione fedheha kutamka "sijui, nitatafuta." Siku ile nilikifungua kitabu cha ushairi mbele ya darasa, tukahesabu mishororo pamoja. Kijana yule alifuta jibu lake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu.