Je, Wajua? Asili ya Baridi Yabisi
Je, wajua ya kuwa «baridi yabisi», jina alitajalo mwenye kuumwa na viungo na mgongo, limetokana na tiba ya kale ya Waarabu, iliyorithi elimu ya Wayunani na kuyanasibisha maradhi na joto, baridi, rutuba na ukavu, na kwamba yabisi ndiyo kavu? Baridi hukaza misuli, na mgongo wenye adha ya siku nyingi hulihisi hilo upesi. Walakini utafiti wa mwaka 2014 juu ya wagonjwa 993 wa Sydney, Australia, haukuona kuwa baridi wala mvua huzusha maumivu mapya ya mgongo. Joto, hata hivyo, huliwaza. Ila mwenye ganzi, tafadhali, asiweke chupa ya maji ya moto juu ya ngozi tupu: aweza kuungua asihisi.