Kongosho likiuma kwa miaka: Upasuaji upi, na kusubiri hadi lini?

Watu wanaokula barabarani wana jina moja kwa kila maumivu ya tumbo la juu: vidonda. Mwenye mzigo wa vitenge au mahindi akishikwa akiwa Busia au Tunduma huingia duka la dawa, akanunua omeprazoli na vidonge vya kutuliza maumivu, kisha akarudi kwenye foleni ya forodha. Pengine ni vidonda kweli. Lakini yapo maumivu yanayoanzia kwenye chembe cha moyo, yakapenya hadi mgongoni, yakazidi baada ya kula na kupungua kidogo mtu akiinama mbele. Yakiandamana na kukonda, choo chenye mafuta kinachoelea na sukari kupanda, ni wakati wa kuchunguza kongosho.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula. Kazi zake ni mbili: kutoa vimeng'enya vinavyosaga chakula, na kutoa insulini inayodhibiti sukari. Likivimba mara kwa mara hugeuka kovu, mfereji wake hubana hapa na kutanuka pale, na vijiwe vya chokaa hujitengeneza ndani. Kovu hilo halirudi kuwa nyama nzima, na hakuna upasuaji unaolirudisha. Mgonjwa anapasuliwa ili maumivu yapungue na aweze kula.

Pombe na sigara ndizo zinazolaumiwa kwanza, na kwa wagonjwa wengi lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo wapo waliorithi ugonjwa huu, na ipo aina inayoitwa ya nchi za joto ambayo huwapata vijana wasiowahi kuonja pombe. Aina hiyo si ngeni kwetu: mwaka 1960 daktari A. G. Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu wagonjwa wa Uganda wenye makongosho yaliyojaa chokaa. Kwa hiyo mama muuza samaki anayeambiwa kila kliniki "acha pombe", na hanywi, ana haki ya kudai kipimo badala ya mawaidha.

Matibabu huanza bila kisu. Mgonjwa huacha pombe na sigara kabisa, hupewa vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula, na dawa za maumivu huongezwa hatua kwa hatua. Hapo ndipo wengi hukwama. Dawa kali za jamii ya afyuni hutuliza leo na kudai dozi kubwa zaidi mwezi ujao. Kadiri miaka inavyopita, neva zenyewe huzoea kuuma, kiasi kwamba hata chanzo kikiondolewa maumivu hubaki. Aliyesubiri miaka 10 kwa kuogopa kisu anaweza kukubali upasuaji wakati faida yake imeshapungua.

Kabla ya kisu ipo njia ya kamera inayopitishwa mdomoni. Daktari huvunja au kutoa vijiwe na kuweka kimrija ndani ya mfereji. Mgonjwa hakatwi tumbo, na hurudi nyumbani mapema. Tatizo ni kwamba kimrija huziba na hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, pengine kwa mwaka mzima au zaidi. Kwa mtu ambaye juma hili yuko Goma na lijalo Kigali, miadi hiyo ni rahisi kuikosa, na kimrija kilichosahaulika huleta maambukizi.

Utafiti wa Uholanzi ulilinganisha njia hizo mbili kwa watu wenye mfereji ulioziba na kutanuka. Katika ule uliochapishwa mwaka 2007, baada ya miaka miwili wagonjwa 15 kati ya 20 waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya 6 kati ya 19 waliotibiwa kwa kamera. Mwingine, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa 88, uliwapasua mapema watu ambao hawajazoea dawa kali. Kwa kipindi cha miezi 18 hao walikuwa na maumivu kidogo kuliko walioanza na dawa kisha kamera. Si kila mtu alipona, lakini desturi ya kukiacha kisu kiwe cha mwisho kabisa haina tena msingi imara.

Upasuaji upi basi? Jibu liko kwenye picha ya CT au MRI. Mfereji ukiwa umetanuka kote na kichwa cha kongosho hakijavimba, daktari huupasua kwa urefu na kuushonea kwenye utumbo mwembamba ili maji yake yapate njia. Nyama inayoondolewa ni kidogo, na insulini iliyobaki hulindwa. Kichwa kikiwa kimevimba, njia hiyo pekee haitoshi. Upasuaji wa Frey huchota nyama ya kichwa na kuufungua mfereji pia. Ule wa Beger hukata kichwa zaidi. Yote miwili huacha mwanzo wa utumbo mahali pake.

Whipple ndio mkubwa unaoogopwa: huondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo na mfuko wa nyongo, kisha kila kitu kinaunganishwa upya. Saratani ikishukiwa, hakuna mjadala. Isiposhukiwa, mgonjwa aulize kwa nini Frey au Beger haufai. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 250, haukuona tofauti ya ubora wa maisha baada ya miaka miwili kati ya kuondoa kichwa pamoja na utumbo na kukiondoa bila utumbo.

Ugonjwa ukiwa mkiani tu, mkia huondolewa, mara nyingi pamoja na wengu. Asiye na wengu anahitaji chanjo na tahadhari kubwa dhidi ya malaria, jambo ambalo msafiri wa ukanda huu hawezi kulipuuza. Kuondoa kongosho lote ni hatua ya mwisho. Tangu mwaka 1977, kule Minnesota, Marekani, madaktari wamekuwa wakirudisha seli za insulini za mgonjwa mwenyewe kwenye ini lake, lakini huduma hiyo inahitaji maabara maalumu. Bila seli hizo, mtu huishi kwa sindano za insulini, na sukari yake inaweza kushuka ghafla. Kwa dereva wa lori hilo ni suala la kazi yenyewe.

Hapa hesabu ya mfanyabiashara inatofautiana na ya mwajiriwa. Duka hufungwa kwa wiki kadhaa, na kubeba magunia husubiri miezi. Vimeng'enya ni ghali na pengine ni vya maisha. Kadi ya bima ya nchi moja kwa kawaida haisomwi ng'ambo ya mpaka. Hospitali za taifa za rufaa, kama Muhimbili, Kenyatta na Mulago, ndipo pa kuanzia. Wengine hupelekwa India. Popote pale, swali la kwanza kwa daktari mpasuaji ni hili: timu yako hufanya upasuaji wa kongosho mara ngapi kwa mwaka? Kwenye hospitali zilizozoea, vifo baada ya Whipple huwa chini ya 5 kwa kila wagonjwa 100. Pasipozoea, idadi hupanda. La pili: nikivuja au nikipata homa nikiwa nyumbani, nani atanipokea?

Baada ya hapo, safari huanza upya na mzigo mdogo zaidi: vimeng'enya vya kutosha hadi kurudi, insulini kwenye chombo chenye ubaridi na si kwenye dashibodi ya gari, na barua ya daktari yenye majina ya dawa yenyewe, si ya kampuni, kwa ajili ya ofisa atakayefungua begi.