Kutunza Ruhusa za Hati Zilizo Winguni

Orodha ya alama za wanafunzi zamani ilifungiwa kabatini, na ufunguo ukakaa kwa mwalimu mkuu. Siku hizi shule nyingi huihifadhi winguni, yaani katika kompyuta za mbali zifikiwazo kwa intaneti. Tuchukue mfano wa Google Drive, huduma iliyoanza mwaka 2012. Humo mtu aweza kuwa msomaji, mtoa maoni, mhariri au mmiliki wa hati. Ruhusa yaweza kupewa mtu mmoja, kikundi, taasisi nzima, au yeyote aliye na kiungo. Hii ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa sana: kiungo hupitishwa kutoka simu hadi simu, na alama za mtoto aliyeshindwa zikasomwa na mtaa mzima.

Kabla ya kukaribia kompyuta, yafaa wanachuo wachore ubaoni jedwali la vyeo hivyo vinne, wajadiliane nani astahili kipi. Mzazi, kwa mfano, hahitaji orodha ya darasa zima hata kwa kuisoma tu.

Taasisi yenye akaunti za Google za kazini yaweza kutumia GAM, programu isiyolipiwa ambayo msimamizi wa akaunti huiendesha kwa kuandika amri badala ya kubofya. Tuanze kwa kutazama:

gam user mwalimu show drivefileacl KITAMBULISHO

Mahali pa «mwalimu» huandikwa anwani ya barua pepe ya mwenye hati. Kitambulisho ni ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ulio katika anwani ya hati. Jibu huwataja wote wenye ruhusa pamoja na vyeo vyao. Likitokea neno anyoneWithLink, hati i wazi kwa kila mwenye kiungo. Tuifunge:

gam user mwalimu delete drivefileacl KITAMBULISHO anyoneWithLink

Kisha mwalimu mwenzetu apewe ruhusa ya kusoma kwa anwani yake mwenyewe:

gam user mwalimu add drivefileacl KITAMBULISHO user mwenzake role reader

Twashauri amri ya kwanza irudiwe baada ya kila badiliko. Tukumbuke pia kwamba hati hurithi ruhusa za folda iliyomo. Ruhusa ya namna hiyo huondolewa kwenye folda yenyewe. Na nakala iliyokwisha pakuliwa katika simu ya mtu hairudishwi kwa amri yoyote, kwa hiyo ukaguzi hufanywa kabla kiungo hakijatumwa.