Kitenzi "evict" na Shida ya Kukifundisha

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na kitenzi cha Kiingereza "evict", kwa kawaida huandika "fukuza", na mwalimu humpa alama zote. Naona alama hizo hutolewa kwa haraka mno.

Kitenzi hiki chatokana na Kilatini "evincere", yaani kushinda kabisa, na katika lugha ya sheria, kujipatia mali kwa hukumu. Kilipoingia katika Kiingereza, karne ya 15, shamirisho lake liliweza kuwa mali yenyewe. Siku hizi shamirisho ni mtu aliyekalia nyumba au ardhi, naye hutolewa na mwenye kudai haki juu ya mahali hapo. Mwizi aliyefumaniwa sebuleni hastahili kitenzi hiki, mpangaji astahili. Mwanafunzi atolewaye shuleni ana "expel", na mgeni arudishwaye kwao ana "deport".

Neno "fukuza" halina mipaka hiyo. Twafukuza kuku, twafukuza mfanyakazi; na tukisema "Amefukuzwa nyumbani", msikilizaji hajui kama aliyemfukuza ni baba, mume au mwenye nyumba. Neno "hamisha" lina kasoro nyingine, tena kwa maoni yangu mbaya zaidi. Kwa kuwa latokana na "hama", hudokeza kwamba pana mahali mtu aendako, hali "evict" hakisemi lolote juu ya mahali hapo. Si ajabu watoa amri hulipenda. "Furusha", lipendwalo na magazeti yetu, lina ghasia ya tendo lakini halina dai.

Nasema dai, wala sisemi haki, kwani Waingereza hukitumia kitenzi chao hata pale sheria ilipovunjwa. Hata hivyo, dai laweza kupingwa. Sheria ya Ardhi ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, humpa hata anayekalia ardhi kinyume cha sheria notisi ya miezi isiyopungua 3 kabla ya kuondolewa, na aliyepewa notisi aweza kwenda mahakamani. Mtu aliyeambiwa tu kwamba "atafukuzwa" hasikii katika neno hilo notisi wala mahakama. Asikia fimbo, naye hufunga mizigo.

Kwa hiyo darasani nimeacha kutafuta neno moja. Huwapa wanafunzi fungu la maneno, "kumwondoa mtu katika makazi kwa kudai haki ya mahali", kisha huwauliza: ni nani adaiye, na kwa hati gani?