Kistari Kinachoikata Haut-Katanga

Andika #L'shi, ufupisho ambao wakazi wa Lubumbashi nchini Kongo wameuzoea, kisha utume. Hashtagi itakayopatikana ni #L tu. Ritifaa ya katikati imeimaliza. "Shi" imebaki maandishi ya kawaida, na ujumbe wako umechanganyika na kila #L ya dunia.

Jimbo la mji huo limeumia zaidi. Hadi 2015 lilikuwepo Katanga moja, jina lisilo na kikwazo. Mwaka huo likagawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Mawili kati ya hayo yakapewa kistari, na kistari hukata hashtagi. #Haut-Katanga hugeuka #Haut. #Haut-Lomami vilevile, na Haut-Uele kule kaskazini-mashariki, na hata Haut-Ogooué ya Gabon. Nord-Kivu nayo huangukia #Nord, ikakutana huko na watu wa Lille, kwa kuwa Ufaransa ina eneo liitwalo Nord. Mtafiti anayetaka kujua watu wanasema nini kuhusu migodi ya Haut-Katanga, akitegemea hashtagi hizo, anahesabu makombo.

Kwa nini? Kwa sababu programu haisomi jina. Huanzia kwenye # na kwenda mbele, alama moja baada ya nyingine, ikiuliza kila moja ni ya kundi gani. Makundi hayo yamepangwa na Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake. Herufi hupita, tarakimu hupita. Kistari na ritifaa ni alama za uandishi, basi safari inaishia hapo. Kistari cha chini huruhusiwa, kwa kuwa waandishi wa programu wamekitumia miaka mingi katika majina wanayoyatunga ndani ya programu zao. Tarakimu tupu nazo Twitter ilizikataa: #243, msimbo wa simu wa Kongo, haikuwa hashtagi.

Kiswahili nacho kina madai yake. #ng'ombe huishia #ng. Ajabu ni kwamba Unicode ina ritifaa nyingine, U+02BC, inayohesabiwa kuwa herufi kamili. Kwa macho zinafanana, ila kibodi ya simu haikupi hiyo. Tena ukibandika kiambishi mbele, kama ku#Lubumbashi, Twitter haikuona hashtagi yoyote, maana # ilitakiwa isitanguliwe na herufi.

Jimbo la Kasaï lina mtego wa kujificha. Ile ï inaweza kuhifadhiwa kwa namba moja, au kwa mbili: i ya kawaida, halafu nukta zake. Kwenye kioo ni kitu kilekile, lakini programu isiyosawazisha maandishi kwanza huona maneno mawili tofauti.

Chris Messina alipopendekeza hashtagi kwenye Twitter, Agosti 2007, alikuwa akiandika Kiingereza. Wajapani na Warusi walisubiri hadi 2011 ndipo hashtagi za maandishi yao zikakubaliwa. Kistari cha Haut-Katanga bado kinasubiri, na sioni dalili ya mtu kukihurumia.

Basi andika #Lshi, na andika #HautKatanga kwa H na K kubwa. Mtandao hautofautishi herufi kubwa na ndogo, lakini programu inayomsomea asiyeona hutambua kwa K hiyo kwamba neno la pili limeanza. Na kabla hujatuma, angalia rangi ya hashtagi inaishia wapi.