Setilaiti yaona mahindi yakidhoofika, haitaji kiini

SI wachache katika mji wa Mlolongo, kando ya barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, wanaoishi kwa mshahara huku mashamba yao yakiwa mbali, Mwala au Yatta. Kwao, ahadi ya kuyakagua mahindi kwa picha za setilaiti bila kupanda matatu yavutia. Je, picha hizo zaweza kumwambia mtu iwapo anunue mbolea?

Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na kurudisha angani sehemu kubwa ya miale jirani isiyoonekana kwa macho. Tofauti ya viwili hivyo ikigawanywa kwa jumla yake, hupatikana kipimo kiitwacho NDVI. Udongo mtupu hukaribia 0.1, mimea iliyostawi na kufunika ardhi hukaribia 0.8.

Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka wa 2015, hupiga picha hizo kila baada ya siku tano, bila malipo. Kenya nayo ilirusha Taifa-1 mnamo Aprili 15, 2023, kilimo kikiwa miongoni mwa shabaha zake.

Tatizo ni tafsiri. Mahindi yaliyokosa naitrojeni hushusha kipimo hicho, na yaliyokosa maji au kuvamiwa na viwavi hukishusha vilevile. Anayeweka mbolea ya kukuzia kwenye mahindi yenye kiu huwa ametupa pesa. Isitoshe, nukta moja ya picha ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo kila Mkenya aijua, haifikishi nukta tano. Katika mashamba ya Ukambani, nukta hiyo moja huchanganya mahindi, kunde na mbaazi. Mbaazi hubaki kijani mahindi yakifa, na picha ikapotosha. Mawingu ya mvua za Oktoba hadi Desemba nayo huziba picha wakati zinapohitajika hasa.

Ipo njia ya kupambanua. Ukanda mmoja wa shamba huwekewa naitrojeni ya kutosha mapema. Ukistawi kuliko kwingine, shamba lina upungufu wa naitrojeni; usipotofautiana, sababu itafutwe kwenye unyevu, wadudu au asidi ya udongo. Ili setilaiti iuone vyema, ukanda huo sharti uwe na upana wa mita 20 au zaidi, jambo linalowafaa wenye ekari nyingi. Mwenye nusu ekari atatosheka na picha ya simu kutoka kwa jirani. Ama fosforasi na potasiamu, hizo hupimwa katika maabara ya udongo, kama ile ya KALRO iliyoko Kabete, tena kabla ya mvua kunyesha.