Harufu inauza losheni Kakamega, lakini lebo haisemi imetoka wapi

Katika maduka ya vipodozi ya Kakamega mjini, na katika vibanda vya Lurambi wanakonunua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, losheni hunuswa kabla ya kuulizwa bei. Mteja hufungua kifuniko, huvuta harufu, hujipaka kidogo kwenye mkono, kisha ndipo huuliza ni pesa ngapi. Nazi, vanila, waridi, kakao: harufu ndiyo inayokamilisha mauzo, na kila mtengenezaji analijua hilo.

Biashara yenyewe si ndogo. Mwaka 2013 kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa ilinunua kitengo cha vipodozi cha Interconsumer Products, kampuni ya Kenya iliyoijenga Nice & Lovely kwa kuwalenga wateja wa kipato cha chini ambao kampuni kubwa zilikuwa zimewapuuza. Beiersdorf na Unilever wapo, na Movit ya Uganda pia ina wateja wake nchini. Ukizifungua chupa hizi zote, msingi wake unakaribiana: maji, mafuta, gliserini na nta ya kuyashikanisha. Kinachoitofautisha chupa moja na nyingine puani ni manukato, ambayo mara nyingi hayafiki hata asilimia 1 ya uzito wa losheni.

Chini ya kampuni hizo kuna safu ya pili, ya vikundi vya akina mama na vijana wanaojitengenezea sabuni ya maji na mafuta ya kujipaka. Wao hununua kemikali kama ungarol, ufacid na CMC, pamoja na rangi na perfume, kwenye maduka ya kemikali. Perfume hupimwa kwa mililita na kutiwa mwishoni mchanganyiko ukishapoa, kwa sababu joto huirusha. Kichupa huandikwa jina la harufu, lavenda au limau, bila neno juu ya kilichomo. Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Manukato yaliyoundwa kwa ajili ya sabuni ya kuosha sakafu hayakupimwa kwa ngozi itakayokaa nayo tangu asubuhi hadi jioni. Chama cha kimataifa cha watengenezaji manukato, IFRA, kilichoundwa mwaka 1973, huweka viwango tofauti kwa bidhaa zinazosuuzwa na zinazobaki mwilini. Mnunuzi ana haki ya kudai cheti kinachoonyesha kichupa chake kinafaa matumizi gani.

Harufu hizi ni kazi ya maabara tangu karne ya 19. Mwaka 1868 Mwingereza William Perkin alitengeneza kumarini, yenye harufu ya nyasi kavu. Mwaka 1874 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann wakapata vanilini kutokana na utomvu wa msonobari. Leo soko la dunia limeshikwa na kampuni chache: Givaudan, dsm-firmenich, Symrise na IFF. Harufu moja ya losheni inaweza kuwa na viambato makumi kadhaa, na fomula yake ni siri ya biashara. Kwa hiyo lebo nyingi madukani huandika neno moja tu, Parfum au Fragrance, na yote hujificha humo.

Ngozi huumizwa na manukato kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwasho wa papo hapo, unaochoma na kupungua ukishanawa. Ya pili ni mzio, na huu ni mzito zaidi. Molekuli ndogo hupenya tabaka la juu la ngozi, hushikana na protini, na kinga ya mwili huihesabu kuwa adui. Kumbukumbu hiyo kwa kawaida hubaki maisha yote. Mtu anaweza kuipaka losheni moja kwa miaka bila shida, kisha mwili ukabadili msimamo. Upele haujitokezi saa ile ile bali baada ya siku moja hadi tatu, na kufikia hapo mwenyewe ameshailaumu omena ya juzi au jua la Jumapili. Akihamia losheni nyingine yenye kiambato kilekile, upele humfuata.

Kamati ya wanasayansi inayoushauri Umoja wa Ulaya ilikadiria mwaka 2012 kwamba kati ya watu 100 wa kawaida, 1 hadi 3 wana mzio wa manukato. Miongoni mwa wagonjwa wa ukurutu, idadi ilikaribia 16 kati ya 100. Ngozi yenye ukurutu tayari ina nyufa, na watoto wenye tatizo hilo ndio wanaopakwa mafuta mara nyingi zaidi kwa siku.

Kuna jambo ambalo wauza duka wangefaa kulijua. Linaloli na limonini, zinazopatikana kwenye lavenda na maganda ya machungwa na pia kutengenezwa viwandani, si kali sana zikiwa mpya. Zikikaa na hewa hugeuka kuwa hidroperoksidi, ambazo huamsha mzio kwa nguvu, kama walivyoonyesha watafiti wa Gothenburg, Uswidi. Chupa ya kunusisha wateja inayofunguliwa kutwa nzima huingiza hewa hiyo kila mara. Haifai kuuzwa baadaye kama mpya.

Kwa ngozi nyeusi gharama huendelea hata upele ukiisha, kwani uvimbe wa ngozi huacha madoa meusi yanayodumu miezi. Mwenye madoa hurudi dukani kutafuta krimu ya kuyaondoa, na huko hukutana na bidhaa zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi, ambazo Kenya imezipiga vita tangu miaka ya 1990 na bado zinapita. Krimu hizo nazo hutiwa manukato. Mteja amelipa mara mbili, na ngozi imezidi kudhoofika.

Japani ilipitia haya. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanawake wengi huko walipata weusi usoni, na daktari Hideo Nakayama na wenzake wakaufuatilia hadi kwenye vipodozi. Miongoni mwa viambato vilivyopatikana na hatia ni salisilati ya benzili, pamoja na mafuta ya yasmini na langilangi. Kampuni kubwa zilipoviondoa, wagonjwa walipungua. Kwangu huo ni ushahidi kwamba tatizo hili hutibika kiwandani.

Langilangi ni ua linalopendwa pwani yetu, na kuwamo kwake katika orodha hiyo kunapaswa kutuzindua sisi wa Kakamega, ambao nasi tuna mafuta yetu ya mmea. Pembezoni mwa msitu wetu, wakulima wa kundi la Muliru Farmers Conservation Group hulima mwonyi, aina ya mrihani wenye kafuri nyingi. Majani hukamuliwa mafuta kwa mvuke, na mafuta hayo hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub, kazi iliyofanywa pamoja na kituo cha utafiti cha icipe. Mwaka 2010 kundi hilo lilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwapa watu kipato bila kuumaliza msitu. Ni biashara ya kujivunia, na mtu anajua anapaka nini. Hata hivyo mafuta ya mmea nayo ni kemikali. Kafuri haifai kupakwa mtoto mchanga, na anayedhani mafuta ya asili hayawezi kumletea mzio anajidanganya.

Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2003 kwamba viambato 26 vya manukato vitajwe kwa jina vikizidi asilimia 0.001 katika bidhaa zinazobaki mwilini. Kiambato kiitwacho Lyral kiliondolewa madukani mwaka 2021, na kile cha Lilial, kilichoshukiwa kudhuru uzazi, tarehe 1 Machi 2022. Kanuni ya mwaka 2023 imeifikisha orodha hiyo kwenye viambato zaidi ya 80: bidhaa mpya zinatakiwa kuitimiza kuanzia Julai 31, 2026, na zilizokwisha kuwa sokoni kufikia Julai 31, 2028. Sheria hizo haziifungi Kenya, lakini kampuni zilezile zinazouza Ulaya zinauza pia hapa, na majina ya viambato hivyo zinayo tayari.

Kwa hiyo ombi langu kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) ni moja: liwadai watengenezaji na waagizaji wataje viambato hivyo kwenye lebo za hapa. Watengenezaji wadogo wa Kakamega wana nafasi wasiyoitumia, ya kuuza mafuta yasiyotiwa manukato kwa wazazi wa watoto wenye ukurutu. Gharama yake ni ndogo, kwani petroli jeli tupu inaweza kutosha. Madaktari wa ngozi huchanganya sampuli za mzio ndani ya petroli jeli tupu wanapompima mgonjwa, kwa kuwa jeli hiyo huleta mzio kwa nadra sana.

Nawe msomaji, kabla ya kuanza losheni mpya, ipake ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa wiki nzima. Ngozi ikiwasha au ikivimba, iache na uende kliniki ukiwa na chupa yenyewe, ili daktari asome kilichoandikwa.